Mkono uliokufa ganzi usiku: uchambuzi wa kisa cha mpiga besi wa kwaya, Moshi

Kisa hiki kilitokea Moshi mjini. Mwenyewe ameniruhusu kukiandika. Jina lake, usharika wake na mtaa wake nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa maana nimeyageuza ili asitambulike. Nitamwita Eli. Mimi ni mwalimu wake wa besi, na magitaa ya kwaya yao ni mimi ninayeyatengeneza. Nalisema hili mapema kwa kuwa sehemu ya kosa ni yangu.

Usuli

Eli alikuwa na miaka 26. Besi aliianza akiwa na miaka 17, kwa kumtazama mpigaji aliyemtangulia na kurudia nyumbani alichokiona. Mchana anaendesha bodaboda ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu. Hajawahi kuvunjika mkono, havuti sigara, na kabla ya mwaka huo hakuwa na tatizo lolote la vidole.

Gitaa ni mali ya kwaya: besi ya nyuzi tano, nzito, yenye urefu wa kawaida wa inchi 34 kutoka nati, kile kipande cha juu ya shingo ambamo nyuzi zinapita, hadi daraja, kipande kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Kwa asiyeijua besi, urefu huo una maana kubwa kwa mkono wa kushoto. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukatiza shingo. Freti ya kwanza iko karibu sentimita 5 kutoka nati, na kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni kama sentimita 13. Anayeweka kidole kimoja kwenye kila freti hapo karibu na nati anakitanua kiganja chake hadi mwisho, kisha anakibana wakati bado kimetanuka. Mkono unalivumilia hilo kwa dakika chache. Eli alilifanya kwa saa nzima.

Mwezi Mei uongozi wa kwaya uliamua kuingia studio Agosti. Mazoezi yaliyokuwa siku mbili kwa wiki yakawa siku tano, saa mbili na nusu kila jioni, na ibada mbili za Jumapili zikabaki palepale. Yaani kutoka saa 5 za mazoezi hadi saa 12 na nusu, bila hata wiki moja ya kupandisha taratibu. Nyimbo saba zilipangwa, tatu kati yake zina sebene refu. Wapigaji wanajua kuwa kwenye sebene besi haina pa kupumzikia. Mpiga solo akichoka anaachia ridhimu, mpiga kinanda anaweza kuinua mikono akanywa maji. Besi ikinyamaza kidogo tu, wanaocheza wote wanasimama wanatazamana.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya kwanza Eli alilalamika ncha za vidole. Nikamwambia zitakomaa, na hilo lilikuwa sahihi: ngozi ya ncha za vidole ikizoea nyuzi inakuwa ngumu na maumivu yanaisha.

Wiki ya pili aliniambia kitu kingine kabisa. "Mwalimu, hapa chini ya gumba panauma, halafu nikimaliza mkono unakuwa mzito, kama si wangu." Nikampa jibu lilelile la kukomaa. Hapo ndipo nilipokosea. Sikumuuliza panauma wapi hasa, lini, wala kidole gani. Nilisikia neno "maumivu" nikalichukulia kama yale ya wiki iliyotangulia.

Kuanzia wiki ya nne akawa anaamka saa tisa usiku, vidole vimekufa ganzi: gumba, cha shahada na cha kati, na upande mmoja wa kidole cha pete. Kidole kidogo hakikuguswa. Alikuwa anaketi kitandani anaukung'uta mkono mpaka damu iende, kama alivyoamini. Mchana hakumwambia mtu. Alikwenda duka la dawa akanunua vidonge vya diklofenaki, akawa anameza kimoja kabla ya mazoezi, mara nyingi tumbo tupu, kwa siku kumi na moja mfululizo. Maumivu ya gumba yakapungua, naye akazidi kubana.

Aliyenishtua ni mama yake. Alinipigia simu asubuhi, nikamwamkia, akaitikia haraka akaingia kwenye jambo: "Baba, usiku hatulali hapa. Mtoto anakung'uta mkono kama anafukuza nyuki. Na jana kikombe cha chai kimemponyoka." Kikombe kile ndicho kilichonikalisha chini. Mtu akiumwa tu, kikombe anakishika huku amekunja uso. Kikimponyoka, mkono umeacha kumletea habari ya kile anachokishika.

Uamuzi wa kwanza: kusimamisha

Jioni hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa kwaya. Alikuwa na hoja za kweli: studio ilishalipwa malipo ya awali, sare zilishashonwa, na hakuna mpigaji mwingine aliyezijua nyimbo zote. Aliuliza kama Eli anaweza kusogea mpaka Agosti kisha apumzike.

Nilikataa, kwa sababu tatu nilizomweleza kwa utulivu. Ganzi inayomwamsha mtu ni neva inayolia, na neva iliyobanwa muda mrefu inaweza kuacha udhaifu usiorudi. Eli analishwa na mkono huohuo, maana klachi ya pikipiki iko kushoto. Na besi ya mtu anayejikaza inasikika kwenye rekodi, inawahi mapigo. Tukakubaliana siku kumi bila besi kabisa. Mazoezi yaendelee na kijana wa pili, ambaye alijua nyimbo tatu, na kwenye zilizobaki mpiga kinanda ashike besi kwa mkono wa kushoto. Mwenyekiti hakufurahi, lakini alisimamia makubaliano, na bila yeye Eli angerudi siku ya tatu.

Uamuzi wa pili: hospitali kabla ya gitaa

Kishawishi changu kama fundi kilikuwa kuanza na gitaa. Nilijizuia. Kama tatizo lingekuwa sukari, tezi ya koo au jeraha la shingoni, ningeshusha nyuzi wiki nzima huku ugonjwa ukiendelea.

Daktari alimuuliza mengi kabla ya kumgusa mkono. Alipima sukari, ikawa ya kawaida. Kisha akamwambia akunje vifundo vya mikono na kuigusanisha migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, akae hivyo kwa dakika moja. Kabla dakika haijaisha ganzi ilikuwa imekuja kwenye vidole vilevile vitatu. Nguvu ya gumba ilikuwa bado ipo, na nyama ya chini ya gumba haijasinyaa. Jibu likawa: neva ya kati imebanwa kwenye kifundo cha mkono, hatua za mwanzo.

Eli alinisimulia maelezo ya daktari, na tangu hapo nimeyatumia kwa wanafunzi wote. Kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba kama kalavati. Chini na pembeni ni mifupa midogo ya kifundo, juu ni utepe mgumu usiotanuka. Ndani zinapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva moja. Kano zikivimba kwa kazi, kalavati haliongezeki, hivyo neva, iliyo laini kuliko vyote, ndiyo inayobanwa. Ukikunja kifundo, nafasi inapungua zaidi. Neva hiyo ndiyo inayohudumia gumba, shahada, kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo kina neva nyingine inayopita njia yake, na ndiyo maana kilisalimika. Usiku ni mbaya kwa sababu tunalala tumekunja vifundo bila kujua.

Alipewa gango la kuvaa usiku kwa wiki sita, linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka. Diklofenaki ya kujinunulia aliambiwa aiache: tumbo na figo vingelipa gharama, na mkono ungeendelea kudanganywa. Mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha mazoezi mepesi ya kunyoosha na kukunja vidole, ya dakika chache tu. Aliambiwa pia kwamba ganzi ikikaa mchana kutwa, au nyama ya chini ya gumba ikianza kusinyaa, arudi haraka, kwa kuwa kuna sindano na kuna upasuaji mdogo wa kulipasua paa la kalavati.

Uamuzi wa tatu: gitaa

Nililipima gitaa na nikaona aibu. Kwenye freti ya 12 uzi mnene ulikuwa milimita 5 juu ya freti, mwembamba milimita 4. Shingo ilikuwa imevutwa mbele. Matundu ya nati yalikuwa juu kiasi kwamba kubonyeza freti ya kwanza kulihitaji nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa. Nyuzi hazikuwahi kubadilishwa tangu gitaa linunuliwe, na zilikuwa za unene wa 45 hadi 130 kwa kipimo cha sehemu ya elfu ya inchi.

Nilikaza chuma kilichomo ndani ya shingo kwa alenki, ufunguo wa pembe sita, robo mzunguko kwa siku, nikiiacha shingo itulie. Nikachonga matundu ya nati kwa tupa nyembamba, nikashusha daraja. Mwishoni uzi mnene ulikuwa milimita 2.8 na mwembamba 2.2, bila kukwaruza freti. Nyuzi mpya za 40 hadi 125 zilitoka Dar es Salaam kwa basi. Mkanda mwembamba uliokuwa unamkata bega niliubadilisha kwa mpana, nikaufupisha ili shingo ya gitaa ipande juu. Besi ikining'inia chini mapajani, mpigaji hana njia ya kuzifikia freti za mwanzo ila kwa kukunja kifundo, na kifundo kilichokunjwa huku vidole vinabana ndilo jambo lenyewe tunalolikimbia.

Nilidhani nimemaliza.

Kilichokuwa kimejificha

Siku ya kumi na moja Eli alikuja kwangu. Akapiga dakika tano, mkono mlegevu, sauti safi. Nilimfundisha kipimo ninachokipenda: gusa uzi nyuma tu ya freti, piga huku hubonyezi, noti ikwaruze. Ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka mkwaruzo uishe, na hapo simama. Nguvu hiyo ndiyo inayohitajika, ya ziada yote inaliwa na kano. Alicheka kuona ni ndogo kiasi gani.

Jioni nikamfuata kanisani nimtazame akiwa na wenzake, dakika tano zilezile. Alikuwa mtu mwingine. Mishipa ya mkono ilisimama, gumba limebana nyuma ya shingo, na alipouachia uzi alama ilikuwa imezama kwenye ncha ya kidole. Gitaa lilikuwa lilelile nililolishusha, nyuzi zilezile nyepesi.

Nilikwenda kusimama mahali pake nikamwambia apige. Sikusikia besi hata kidogo. Ilikuwa imechomekwa moja kwa moja kwenye miksa, na spika zote ziko mbele zinawatazama waumini. Yeye anasimama nyuma ya spika, ubavuni mwa ngoma. Hakuna monita, yaani spika ya kumrudishia mpigaji sauti yake. Kwa miaka tisa alikuwa anapiga chombo asichokisikia. Mtu asiyejisikia hupiga kwa nguvu zaidi, na mkono wa kulia ukipiga kwa nguvu, wa kushoto hubana kwa nguvu bila kuulizwa. Mikono miwili ya binadamu haipendi kutofautiana. Ijaribu mwenyewe: kunja ngumi moja kwa nguvu zote, kisha uangalie nyingine.

Kwenye stoo ya kanisa kulikuwa na amplifaya ndogo ya zamani. Tuliitengeneza waya, tukaiweka juu ya kiti nyuma yake, imeinuliwa mpaka inatazama sikio. Sikumwambia neno lolote kuhusu mkono. Baada ya wimbo mmoja mabega yalikuwa yameshuka.

Kurudi, na kuteleza

Tulianza na dakika tano mara tatu kwa siku. Kila baada ya siku mbili tuliongeza dakika tano kwa kila kipindi, kwa sharti moja: usiku uwe ulipita kimya. Hatukuuliza kama anaumia wakati anapiga, kwa kuwa mwili ukishapata joto na sebene limekolea hakuna anayesikia maumivu. Kipimo chetu kilikuwa saa tisa ya usiku. Ganzi ikija, kesho yake tunarudi hatua moja nyuma.

Nilimbadilishia pia vidole. Freti za mwanzo aliacha kutumia kidole kimoja kwa kila freti, akafuata njia ya wapigaji wa besi kubwa ya kusimama: shahada, kati, kisha cha pete na kidogo vikisaidiana kama kidole kimoja. Mkono unasogea badala ya kutanuka. Kuanzia freti ya tano kwenda juu, ambako nafasi ni ndogo, alirudi kwenye njia yake.

Wiki ya tano tukateleza. Rafiki yake alimwomba apige kwenye sendofu, mpigaji wao alikuwa amekwama safarini. Eli alipiga kama saa nne kwa besi ya kuazima, nyuzi ziko juu, mkanda mrefu, spika ziko mbali. Ganzi ilirudi usiku uleule ikakaa siku tatu. Sikumgombeza. Alinionyesha jambo ambalo nisingeweza kulipanga kama jaribio: mkono uleule, ndani ya jioni moja, ukirudishiwa mazingira ya zamani, unarudi pale ulipokuwa.

Bodaboda ilitusumbua zaidi. Kuacha kuendesha haikuwezekana, hesabu ya mwenye pikipiki haijui habari za neva. Lakini foleni ya mjini ni klachi mara mia, na barabara za kokoto za pembezoni zinatikisa usukani mpaka kwenye mifupa. Fundi wa pikipiki alilainisha waya wa klachi kwa mafuta, akausogeza mkono wa klachi chini kidogo ili kifundo kikae kimenyooka. Kazi ya nusu saa. Eli alisema tofauti aliisikia siku hiyohiyo.

Matokeo

Rekodi ilisogezwa wiki tatu mbele. Eli alipiga nyimbo nne, kijana wa pili tatu. Sebene refu kuliko yote lilirekodiwa kwa vipande viwili. Wiki sita za gango zilipoisha, ganzi ya usiku ilikuwa imepungua hadi mara moja moja. Mwezi wa tatu haikuja tena, isipokuwa siku ambazo ameendesha kutwa nzima kwenye barabara mbaya. Sindano haikuhitajika. Nguvu ya gumba ilibaki kamili daktari alipompima tena.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwa hakika ni kusimama mapema. Kila kilichofuata kiliwezekana kwa sababu neva ilikuwa haijaumia sana. Kati ya mabadiliko mengine siwezi kusema lipi lilibeba uzito zaidi, maana gango, nyuzi, mkanda, amplifaya na klachi vilikuja ndani ya wiki chache. Ushahidi nilionao ni sendofu, na ule umeondoa mambo matatu kwa mpigo. Kama ningelazimika kuchagua kimoja kati ya vile nilivyovigusa mimi, ningechagua amplifaya ya kwenye kiti. Nyuzi za chini zilimpa uwezo wa kubonyeza taratibu, lakini alianza kubonyeza taratibu siku alipojisikia.

Kilichoshindikana ni mwanzo wote. Wiki kadhaa nilikuwa na habari mkononi nikazipuuza. Maumivu ya mpiga besi hayafanani, na nadhani sisi walimu wa magitaa huku kwetu tunayapa jina moja kwa sababu sisi wenyewe tulilelewa kwa neno "vumilia". Kidonda cha ncha ya kidole kinavumilika. Mkono uliochoka na kupona ukishalala nao unavumilika. Ganzi haivumiliwi, na kidole inachokichagua kinaeleza neva ipi inabanwa: gumba na vidole viwili vinavyofuata ni kifundoni, kidole kidogo na nusu ya cha pete mara nyingi ni kwenye kiwiko, hasa kwa anayekaa amekikunja muda mrefu. Kidole kinachokwama kimekunjwa asubuhi kisha kinafyatuka ni kano iliyovimba inakwaruza kwenye mfereji wake. Maumivu makali upande wa gumba wa kifundo, yanayochoma ukinyanyua mtoto au ndoo, ni kano za gumba lenyewe. Kila moja lina njia yake ya matibabu, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kuongeza mazoezi.

Uongozi wa kwaya nao ulikuwa na sehemu yake, ingawa haukukusudia ubaya. Ratiba ilipandishwa zaidi ya mara mbili kwa wiki moja, na aliyeipanga hapigi chombo. Waimbaji walilalamika koo wakapewa tangawizi na siku ya mapumziko. Wapigaji hawakuulizwa, na hawakusema, kwa sababu ndani ya kwaya mpigaji anayelalamika anaonekana hataki kumtumikia Mungu. Eli aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomfanya ameze vidonge kimya kimya. Alihofia gitaa lingepewa mtu mwingine na lisirudi.

Sasa kwenye mazoezi kuna mapumziko ya dakika kumi kila baada ya nyimbo mbili, na amplifaya haitoki kwenye kiti chake. Besi naipima mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na kabla ya Krismasi. Vipimo vimeandikwa kwa kalamu ndani ya kifuko chake, ili fundi atakayekuja baada yangu avione.